Ngitili za Shinyanga

Katika miaka ya 1920 watawala wa Kiingereza waliyaona mapori ya Shinyanga, Tanganyika (Tanzania ya leo), kuwa maskani ya mbung'o, mdudu anayeambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Charles Swynnerton aliongoza utafiti wa mbung'o kutoka huko, na watemi wakaamriwa kuwatoa watu wao kufyeka. Kwa miongo kadhaa miti ikaanguka. Mbung'o walipopungua, ng'ombe wakaongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, na kuni zikawa za kufuatwa mbali.

Hata hivyo Wasukuma walikuwa na akiba yao. Mvua zikianza, mfugaji alifunga sehemu ya malisho yaliyo karibu na nyumbani, akaifungua kiangazi kikikaza, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Hiyo ndiyo ngitili. Ililindwa na desturi, bila seng'enge. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamisha watu kwenda kwenye vijiji vya ujamaa, ngitili nyingi ziliachwa nyuma, na mlinzi akakosekana.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki vumbi na makorongo. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ikisaidiwa na Norway. Mradi ulianza kwa njia iliyozoeleka: vitalu vya serikali na miche ya kugawa, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Baadaye wataalamu wakakaa na wazee, wakasikia habari za ngitili. Chini ya ardhi ile kavu, visiki na mizizi ya migunga vilikuwa bado hai. Eneo likifungwa, miti ilichipua yenyewe, bila mche wala ndoo ya maji.

Ulinzi nao ukarudi kwa wenyeji. Dagashida, baraza la jadi, lilijadili mipaka na faini, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakawakamata waliolisha kwa wizi. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio yalivuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Nyasi, kuni, nguzo, asali na dawa vikapatikana tena karibu na nyumbani. HASHI ilifungwa mwaka 2004.

Si kwamba wote walinufaika sawa: mwenye ardhi na mifugo mingi alivuna zaidi ya asiye navyo. Lakini kuna miradi iliyoshindwa kabisa: mradi wa kikoloni wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na mamilioni ya pauni za Uingereza, ulivunjwa mwaka 1951. HASHI, kinyume chake, ilifanikiwa kwa sababu ilikubali kubadili njia, ikajenga juu ya jambo ambalo wananchi walilijua, walilimiliki na walikuwa tayari kulilinda.