Sanamu za Fizi na watu waliolipwa kuzisoma

Ukitaja utafiti mjini Uvira, wengi watafikiria samaki. Kituo cha utafiti wa maji kilichopo ufukweni, CRH, kimewachunguza ndagala na mikeke wa Tanganyika kwa miaka mingi. Chimbuko lake ni IRSAC, taasisi ya sayansi iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947, makao makuu yake Lwiro, karibu na Bukavu. Kinachosahaulika ni kwamba IRSAC hiyohiyo iliwalipa pia watu wapande milimani, wakae na wazee na kuuliza habari za koo, vinyago na sanamu. Mmoja wao ni Daniel Biebuyck, aliyefika mwaka 1949 akiwa kijana, akaanza na Wabembe wa Fizi kabla ya kwenda kwa Warega na Wanyanga.

Kulipa mtu ili achunguze kazi ya sanaa ni desturi ya makumbusho ya Ulaya. Mtafiti hupewa posho ya mwaka mmoja au miwili na kufunguliwa ghala, akae na picha za karne ya 16 na ya 17. Atafute nani alichora, nani aliagiza, picha ilipita mikononi mwa nani. Huigeuza aangalie mgongo wake, maana huko ndiko kuna mihuri ya wenye mali na namba za minada. Kwa uvumilivu wa namna hiyo, wataalamu wa Uholanzi walianza mwaka 1968 kupitia upya picha zote zilizoitwa za mchoraji Rembrandt. Abraham Bredius alikuwa ameorodhesha zaidi ya 600 mwaka 1935. Nyingi zilionekana kuwa za wanafunzi wake na wachoraji wengine.

Jicho hilo la kutafuta mkono wa fundi lililetwa kwenye sanamu za Kongo na Frans Olbrechts, Mbelgiji aliyesoma Marekani kwa mwanaanthropolojia Franz Boas. Katika maonyesho ya Antwerp ya mwaka 1937 na 1938 alitenga viti na sanamu zenye nyuso ndefu, za watu waliokonda, akasema ni kazi ya karakana moja. Jina la fundi hakuwa nalo, akatumia la kijiji cha Buli. Naona ile ilikuwa hatua ya heshima, kwani hatimaye Mzungu alikiri kwamba sanamu hizi zilichongwa na mtu, wala hazikujiotea katika kabila. Lakini jina lenyewe lilikuwa vijijini. Watafiti waliokuja kuuliza huko walitajiwa Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba.

Sanamu za upande wetu zilipata bahati mbaya zaidi. Wanaume wa mti wenye macho makubwa na ndevu zilizokatwa kama pembetatu, mikono tumboni, waliwekwa kabatini Ulaya kwa jina la Boyo, mara Buyu, mara Bembe, kulingana na alivyosema muuzaji. Katika kitabu kilichochapishwa na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1981, Biebuyck alieleza kwamba nyingi ni za koo za wawindaji, wakiwemo Basikasingo, ambao historia yao ilitangulia jina la Wabembe na baadaye ikafunikwa nalo. Neno moja kwenye kibandiko lilikuwa limefuta safari nzima ya watu. Katika eneo ambalo swali la nani alitangulia kufika bado linagombanisha majirani, uzembe wa namna hiyo una madhara.

Tazama pia kinyago cha Alunga, chama cha Wabembe. Ni kama pipa la mti, kina nyuso mbili, mbele na nyuma, na macho makubwa kama mabakuli. Juu husimikwa manyoya na miiba ya nungunungu. Ndani ya kabati la kioo hubaki mti mtupu: hakuna sauti, hakuna mchezo, hakuna anayejua nani aliruhusiwa kukivaa.

Kusini zaidi ziwani, faili la sanamu lina damu. Desemba 1884 watu wa luteni Émile Storms, aliyejenga kituo cha Mpala, walimuua chifu Lusinga wa Watabwa. Kichwa chake kilipelekwa Ubelgiji, pamoja na sanamu ya wahenga wake, ambayo Storms aliiweka nyumbani kwake. Leo iko Tervuren.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vya Tervuren, na mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kurudisha. Orodha si utafiti. Vitu hivyo vinahitaji mtu wa kuvifuatilia kimoja kimoja, na mimi nasema mtu huyo atoke huku. Biebuyck mwenyewe alilijua hilo: utendi wa Mwindo wa Wanyanga aliutoa mwaka 1969 pamoja na Mkongo, Kahombo Mateene, na majina yote mawili yako kwenye jalada. Nafasi za utafiti za Ulaya zimezoea kumleta msomi kwenye ghala. Kwa sanamu za Fizi, nusu ya posho hiyo ilipie safari ya kurudi: picha zilizochapishwa vizuri, pikipiki hadi milima ya Itombwe, na miezi ya kuketi na wazee wanaozungumza Kibembe, wakiulizwa majina ya wachongaji.