Sun Jihai na Heshima Iliyochelewa

Oktoba 2015, Rais Xi Jinping wa Uchina alipozuru Manchester, beki Sun Jihai aliingizwa kwenye orodha ya magwiji wa soka ya Uingereza. Mashabiki wengi walicheka. Sun, kwenye orodha moja na Bobby Charlton? Wakasema hiyo ni zawadi ya kumfurahisha mgeni.

Hata mimi nilicheka. Halafu nikarudi nyuma kuangalia alikotoka.

Mwaka 1998, kijana huyu wa Dalian alijiunga na Crystal Palace pamoja na mwenzake Fan Zhiyi. Mwaka 2002 akanunuliwa na Manchester City. Juni hiyo, kwenye Kombe la Dunia, aliumia mechi ya kwanza, na Uchina wakarudi nyumbani bila bao hata moja. Oktoba akaifunga Birmingham City: bao la kwanza la Mchina kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Na ni beki, ebu fikiria! Mwaka 2004 goti likamweka nje karibu msimu mzima. Akarudi, akakaa City hadi 2008.

Heshima yake ilikuja siku ya siasa, sikatai. Lakini lile goti halikuponywa na rais yeyote. Ubaya wa kumtunza mtu mbele ya mkubwa ni huo: alichokitolea jasho miaka sita kinaonekana kama alipewa bure. Na sisi tuliocheka, hatukuwa hata tumehesabu mechi zake.