Saa Moja ni Saa Ngapi?

Kabla ya reli, watu wa Bonde la Ufa la kati hawakukosa wakati. Wafugaji walijua saa ya kuwatoa ng'ombe zizini na saa ya kuwarudisha. Kilichokuja mwaka wa 1900, reli ilipofika Nakuru ikielekea Ziwa Viktoria, ni wakati wa ratiba. Njia ilikuwa moja tu. Treni zilipishana stesheni, kwa hivyo moja ikichelewa, nyingine nayo ilingoja. Kuchelewa kwako kukawa hasara ya mtu usiyemjua.

Utalii ulirithi ratiba hiyo. Sehemu ya Ziwa Nakuru ilitengewa ndege mwaka wa 1961, na mwaka wa 1968 ikawa mbuga ya taifa. Mwaka wa 1975 Chuo cha Kenya Utalii kikaanzishwa Nairobi kwa ushirikiano na Uswisi, nchi ya mafundi wa saa. Anayesomea kazi hii leo huambiwa mapema: mgeni hangoji.

Sasa shida iko wapi? Iko kwamba kijana huyu anaishi na saa mbili. Kiswahili huanza kuhesabu kunapokucha. Kiingereza huanza usiku wa manane. Mgeni akitaja saba kwa Kiingereza, dereva anatakiwa afike saa moja asubuhi. Akija saa saba, mgeni kashaenda, na pengine kazi imeenda naye. Watu watasema ni mvivu, ana saa za Kiafrika. Kumbe aliteleza kwenye tafsiri tu.

Walimu wengi humwambia aisahau saa ya nyumbani. Mimi naona waanzie hapo hapo. Ikweta inapita Mogotio, mwendo mfupi tu kutoka Nakuru, na jua huchomoza karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Simba huonekana vizuri asubuhi na mapema; joto likipanda, analala kivulini. Saa ya Kiswahili inaanza pale pale kazi ya mwongozaji inapoanza.

Basi mfundishe kuhesabu akirudi nyuma. Gari liondoke saa kumi na mbili kamili. Chai iwe mezani nusu saa kabla. Wageni waamshwe saa kumi na moja. Mafuta yatiwe jana yake jioni. Halafu azitaje saa hizo hizo kwa Kiingereza, bila kusita. Mwenye kuzimudu saa zote mbili hajachelewa popote.