Kifungashio Chenye Mwenyewe: Historia ya Kapu, Gunia na Mfuko katika Afrika Mashariki

Historia ya kutumia upya vyombo vya kubebea na kufungia bidhaa katika Afrika Mashariki huelezwa mara nyingi kana kwamba ilianza na amri za kupiga marufuku mifuko ya plastiki, yaani zile za Zanzibar mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Masimulizi ya namna hiyo huacha nje sehemu kubwa ya habari yenyewe, kwa kuwa kabla ya mifuko hiyo kuenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, kapu, kanda, gunia na hata chupa ya mafuta ya taa vilikuwa mali ya mnunuzi, ambaye alikwenda navyo sokoni na kurudi navyo nyumbani, na ambaye vilipochakaa ndiye aliyeingia gharama ya kuvitengeneza au kununua vingine. Kinachojitokeza katika historia hiyo ni kwamba kifungashio hudumu pale kinapokuwa na mwenyewe, na kwamba aina ya malighafi, ingawa ina uzito wake, ni jambo la pili.

Mfumo huo ulishikamana na namna bidhaa zilivyouzwa. Mchele, kunde, choroko na mahindi viliuzwa kwa kupimwa, na vipimo vya kawaida katika pwani vilikuwa kibaba na pishi, ambapo vibaba vinne vilitengeneza pishi moja. Mafuta ya nazi nayo yalimiminwa kutoka chombo cha muuzaji kwenda chupa ya mnunuzi. Muuzaji alimiliki kipimo, mnunuzi akamiliki chombo, na bei ilihusu bidhaa peke yake. Mtu aliyefika dukani mikono mitupu alilazimika kuazima chombo kwa jirani au kufunga alichonunua katika pindo la khanga, na ni katika pindo hilohilo ambamo wanawake wa pwani walifundika fedha zao.

Chombo kilichoheshimiwa kuliko vyote katika masoko ya pwani ni kikapu cha ukili, na kazi inayoingia humo inaeleza kwa nini hakuna aliyefikiria kukitupa baada ya safari moja. Miyaa, yaani majani ya mkoche, hukatwa yangali machanga, huanikwa juani hadi yapoteze ukijani na kuwa meupe, kisha huchanwa kwa ukucha au kisu kuwa vipande vyembamba vilivyo sawa, ambavyo baadhi yake hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Vipande hivyo husukwa kuwa ukanda mrefu uitwao ukili, na msukaji hodari huweza kuendelea na kazi hiyo huku akizungumza au akichunga watoto, kwa sababu vidole vinajua njia. Ukili ukishatosha huzungushwa kuanzia kitako na kushonwa ukingo kwa ukingo hadi kapu lipande, na mwisho hutiwa mikono. Kitako ndicho kinachotangulia kulika, nacho hushonewa kiraka cha ukili mpya. Mikono hukatika na kubadilishwa. Na kapu lililokwisha kabisa kwa sokoni hubaki nyumbani likiwekwa mkaa, au likawa kiota cha kuku anayetaga.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba kila kitu cha zamani kilitumiwa mara nyingi. Pakacha, ambalo husukwa kwa kuti bichi la mnazi ili kubebea maembe, samaki au machungwa, lilikusudiwa safari moja au mbili tu, na lilitengenezwa kwa muda mfupi kiasi kwamba mkwezi aliweza kulisuka papo hapo chini ya mnazi. Pakacha halikuwa na mwenyewe wa kudumu, lakini lilipotupwa lilioza na kurudi udongoni. Tofauti kati ya kapu na pakacha ni ya msingi katika historia hii, kwa maana inaonyesha kwamba jamii za pwani zilikuwa na ngazi mbili za kifungashio: kile cha gharama, ambacho kilitunzwa, na kile cha bure, ambacho kilikuwa jani.

Ngazi hizohizo zilikuwepo bara. Wakikuyu na Wakamba wa Kenya walisuka kiondo, kapu la mviringo lililobebwa mgongoni kwa mshipi uliopita kwenye paji la uso, wakitumia nyuzi za magome ya vichaka na, kwa upande wa Ukambani, magome ya mbuyu. Kiondo kilichukua muda mrefu kukikamilisha, kikawa mali ya mtu anayejulikana. Kwa upande wa pili, mgomba uliwapa watu wa Kagera, Buganda na Kilimanjaro majani ya kufungia chakula na magome makavu ya kufungia karibu kila kitu. Wahaya, ambao humkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, walifunga punje hizo katika vifurushi vidogo vya magome ya mgomba, na vifurushi hivyo vilikuwa zawadi kamili ambayo haikuacha taka yoyote nyuma yake.

Ukoloni na biashara ya mazao ya kusafirishwa nje vilileta chombo cha tatu, ambacho ni gunia. Magunia ya kwanza kuenea kwa wingi yalitengenezwa kwa juti, mmea wa nyuzi uliolimwa Bengal na kusokotwa katika viwanda vya Calcutta na vya Dundee nchini Uskochi. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida ipelekwe Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakachipuka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, hadi kilele cha tani 230,000 hivi mwaka 1964. Katani, yaani nyuzi za mkonge, iliingia katika kamba, magunia na mazulia, na wasusi wa viondo nao wakaihamia na kuacha sehemu kubwa ya magome waliyoyazoea, kwa kuwa ilikuwa imara na ilipatikana madukani.

Gunia lilinunuliwa likiwa limejaa, na baada ya kumwagwa lilianza maisha ambayo hayakupangwa na aliyelitengeneza. Lilibeba mkaa, lilitandikwa mlangoni, lilizibia madirisha, lilifumuliwa ili nyuzi zake zishonee magunia mengine, na katika miji mingi ikazuka biashara ya kununua na kuuza magunia matupu, ambayo ni ushahidi wa wazi kwamba chombo kisicho na kitu ndani bado kilikuwa na bei. Tabia hiyo haikukoma plastiki ngumu ya kufuma iliposhika nafasi ya katani. Viroba vya unga na mifuko ya sandarusi iliyobeba mbolea huoshwa na kushonwa upya kuwa mifuko ya sokoni, na begi kubwa la miraba ambalo Watanzania huliita shangazi kaja limesafiri katika mabasi mengi kiasi cha kuonekana kama sehemu ya safari yenyewe. Malighafi ni plastiki, lakini ina mwenyewe, na kwa sababu hiyo haionekani ikipeperuka barabarani.

Karatasi ilipita njia nyingine. Kwa muuza maandazi, muuza nyama na muuza karanga, gazeti lililosomwa au daftari la shule lililojaa lilikuwa kifungashio cha bei nafuu, na ukurasa wa hesabu uliokunjwa mfano wa pia na kujazwa karanga ni jambo ambalo kizazi kizima cha watoto wa mijini kilikulia nalo. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro ya kweli, maana wino wa magazeti haufai kugusana na chakula cha moto au chenye mafuta, na wataalamu wa afya wana haki ya kuupinga.

Mfuko wa plastiki ulifika katika mazingira hayo. Polithini, plastiki inayotokana na gesi ya ethilini, iligunduliwa bila kukusudiwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, na mwaka 1965 kampuni ya Celloplast ya Sweden ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya mfuko wa kipande kimoja wenye mikono uliobuniwa na mhandisi Sten Gustaf Thulin. Kwa mujibu wa mwanawe, Thulin aliuona mfuko huo kama mbadala wa kudumu wa mifuko ya karatasi iliyokuwa ikigharimu miti, naye mwenyewe alitembea na mmoja umekunjwa mfukoni. Habari hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyopewa kwa kawaida, kwa sababu inaonyesha kwamba mfuko ule haukuzaliwa ukiwa taka. Uligeuka kuwa taka pale maduka yalipoanza kuutoa bure, kwa wingi, kwa kila mteja, hata kwa bidhaa moja. Mfuko wa rambo, kama ulivyojulikana Tanzania, ulimwondolea mnunuzi jukumu la kutoka na kapu, na kwa kufanya hivyo ukaondoa mwenyewe. Mitaro ya Dar es Salaam na Nairobi iliziba, mifugo ikameza plastiki, na kapu la ukili likaanza kuhesabiwa kuwa chombo cha wazee au cha watalii.

Zawadi zilibaki na kanuni tofauti kwa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo historia hii inapokuwa na mafunzo mengi. Katika miji ya Waswahili, chakula kinachopelekwa kwa jirani mwezi wa Ramadhani huwekwa katika sahani au sinia na kufunikwa kwa kawa, kifuniko cha mviringo kilichosukwa kwa ukili, na ada inataka chombo kirudi kwa mwenyewe, tena kisirudi kitupu. Halua hufungwa katika vikapu vidogo vya ukili ambavyo mpokeaji huvibakiza kwa kazi nyingine, na khanga, ambayo mara nyingi ni zawadi yenyewe, huendelea kutumika kama vazi, kisha mbeleko, kisha winda la mtoto, na mwisho tambara la kupigia deki. Kufunga zawadi kwa karatasi ya kung'aa inayochanwa na kutupwa ndani ya dakika moja ni mtindo mgeni, na umeenea pamoja na sherehe za ukumbini.

Desturi inayofanana na hiyo ya pwani iko Japani, ambako kitambaa cha mraba kiitwacho furoshiki hufungia zawadi, vitabu au chakula, na kwa adabu za kale mtoaji hukikunja na kuondoka nacho baada ya kukabidhi kilichomo. Kitambaa hicho kilishamiri katika kipindi cha Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, watu walipokitumia kufungia nguo zao katika nyumba za kuogea za umma, na kilififia baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu zilezile za karatasi na plastiki za bure. Uhusiano wake na Afrika Mashariki si wa kubuni. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizuru Japani Februari 2005 na kujifunza huko neno mottainai, ambalo Wajapani hulitumia kuonyesha majuto kitu chenye thamani kinapopotezwa bure. Akalibeba kwenye majukwaa ya kimataifa kama wito wa kupunguza matumizi na kutumia vitu upya. Mwaka 2006 waziri wa mazingira wa Japani, Yuriko Koike, akatoa furoshiki iliyofumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelezwa, akaipa jina linalobeba neno hilo.

Nchini Kenya kwenyewe safari ilikuwa ndefu. Majaribio ya mwaka 2007 na 2011 ya kuzuia mifuko myembamba yalishindwa, na ni katazo lililoanza tarehe 28 Agosti 2017, lenye adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, lililofanikiwa kuubadilisha mtaa. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Kilichobadilika mara moja ni bei: mfuko ukawa kitu cha kununuliwa, na watu wakaanza kukunja ule wa jana na kutoka nao. Faida hiyo, hata hivyo, haikuwafikia wasusi wa ukili kwa kiasi walichostahili, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi ilizibwa na mifuko mbadala, iliyotengenezwa kwa nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja bila kufumwa. Viwango vya Tanzania vinataka mifuko hiyo iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba ili istahimili matumizi mengi, lakini masoko yamejaa myepesi zaidi, ambayo hupasuka mapema na kutupwa.

Upenyo mwingine umo katika msamaha wa sheria yenyewe. Vifungashio vya plastiki vya vyakula na dawa viliruhusiwa kuendelea, na haukupita muda mrefu wafanyabiashara wakaanza kutia nyanya, maharage na mboga katika mirija ya plastiki angavu inayofungwa fundo juu, na wateja wakaibeba mkononi kama walivyobeba rambo. Mamlaka za mazingira zimelazimika kukumbusha mara kwa mara kwamba vifungashio si vibebeo. Mjadala mwingi kuhusu mirija hiyo umejikita katika unene, nembo na jina la mtengenezaji, wakati muuzaji wa mboga bado anaitoa bure, na mnunuzi aliyekuja na kapu lake hupunguziwa bei kwa nadra mno kwa kutoichukua.