Mfupa wa Mchangiaji na Tiba ya Uvimbe wa Mifupa Kampala: Mtazamo wa Kihistoria

Historia ya tiba ya uvimbe wa mifupa jijini Kampala haitenganishwi na taya za watoto. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya za juu na za chini, pande zote mbili. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Ingawa chimbuko lake ni chembe za limfu, uvimbe huo ulikula mfupa na kulegeza meno. Upasuaji haukufua dafu, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa ulikuwa umeenea kwingineko mwilini. Dawa kama methotreksati zilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, taya za wagonjwa wengi zilinywea bila kukatwa. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Ushindi huo, hata hivyo, haukuhusu kila uvimbe. Osteosakoma, saratani inayoanzia ndani ya mfupa wenyewe na kuwapata zaidi vijana, hasa karibu na goti, haiponi kwa dawa pekee. Sharti kipande cha mfupa kiondolewe, au mguu ukatwe. Mguu ukihifadhiwa, pengo hulazimika kuzibwa, na njia mojawapo ni mfupa wa mtu mwingine. Njia hii ni kongwe: William Macewen aliijaribu Glasgow karibu na mwaka 1880, naye Erich Lexer akaiendeleza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20.

Matatizo yake yanatokana na asili yake. Mfupa wa mchangiaji ni mfu. Hauna mishipa ya damu, hivyo vijidudu vikiingia, dawa huvifikia kwa shida. Chembe za mgonjwa huupenya polepole mno. Kwa hiyo huenda usiungane na mfupa wake, au ukavunjika miaka kadhaa baadaye. Isitoshe, dawa za saratani huchelewesha kuunga. Methotreksati, iliyookoa taya za watoto wa Mulago, hutumika pia dhidi ya osteosakoma, na hapo hulipunguzia pandikizi kasi ya kushikamana.

Hatari nyingine ilidhihirika mwaka 1988, Marekani iliporipoti mgonjwa aliyeambukizwa VVU kwa mfupa aliopandikizwa mwaka 1984. Taarifa ya mwaka 1992 ilionesha kuwa mchangiaji mmoja, ambaye kipimo hakikugundua virusi, aliwaambukiza waliopokea mifupa yake iliyogandishwa bila kusafishwa. Kwa Uganda, ambako madaktari waliueleza ugonjwa wa "Slim" mwaka 1985, hilo halikuwa jambo la mbali.

Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo na tishu. Historia inafundisha kwamba sheria peke yake haiungi mfupa. Mfupa wa mchangiaji hudai upimaji wa damu, ubaridi usiokatika, kumbukumbu za kila mchangiaji na ufuatiliaji wa miaka mingi. Pale ambapo kimojawapo kinakosekana, kijana aliyenusurika saratani anaweza kuupoteza mguu ule ule uliookolewa.