Sahani ya Butembo na watu wa milimani

Kibao cha mlangoni, pale kilipo, huandikwa kwa Kifaransa: restaurant, au resto kwa kifupi. Kwa sababu ya neno hilo wengi huamini kwamba desturi ya kulipia sahani nje ya nyumba ililetwa na Wabelgiji, na kwamba malewa, yaani migahawa midogo ya Butembo na Beni mashariki mwa Kongo, yenye mabenchi mawili na sufuria tatu, ni mwigo hafifu wa bistro ya Paris. Imani hiyo inawapunja akina mama wanaopika, na hata bistro yenyewe haiielewi. Katika karne ya 19 watu wa Auvergne, nchi ya milima na umaskini katikati ya Ufaransa, walihamia Paris wakichota maji ya kuuza, kisha wakafungua vibanda vya kuni na makaa. Kibandani humo humo waliuza mvinyo, na mara nyingi mke akabandika chungu kwa ajili ya wateja. Waparisi waliwaita bougnat, na bistro nyingi za mitaani zilianzia mikononi mwao. Waanzilishi hao walikuwa wachuuzi wa milimani, wala hawakutoka katika majiko ya wakubwa. Anayewajua Wanande, wenyeji wa Butembo katika milima ya Mitumba, ataona jambo analolifahamu.

Butembo ilikua kuanzia miaka ya 1920 kama kituo cha kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs. Makampuni ya migodi ya Kongo yaliwapa wafanyakazi posho ya unga, maharagi na mafuta. Mtu anayepimiwa posho hana sababu kubwa ya kununua sahani. Kilichozaa wateja ni njia. Baada ya uhuru, na zaidi baada ya tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wafanyabiashara Wanande walipanuka: mboga na maharagi kwenda Kisangani na Kinshasa, kahawa kuvuka mpaka kwenda Uganda. Dereva, mpakiaji na mwenye mzigo walilala mbali na nyumba zao, na walipaswa kula. Itazame sahani yenyewe kwa karibu: bugali wa muhogo, ule Wanande wanaouita obundu, sombe iliyotwangwa ikaiva katika mawese ya nchi ya chini upande wa Beni, viazi vya nyanda za juu za Lubero, na tilapia wa Ziwa Edward, aliyevuliwa Kyavinyonge. Hii ni ramani ya biashara ya Kivu ya Kaskazini, na hakuna Mbelgiji aliyeichora.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye heshima zake hula kwake, na kwamba malewa ni ya wasio na mji. Hoja hiyo inanipa nguvu badala ya kuniangusha, kwa kuwa bistro nayo iliwalisha watu walio mbali na kwao. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba nyumba hizi hazina kumbukumbu za maandishi, basi historia yake itathibitishwa na nini? Jibu moja limo katika sheria yenyewe: Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga kutoa huduma yeye mwenyewe, na sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Biashara ya mama chini ya sheria kama hiyo ilikuwa na kila sababu ya kuendeshwa bila karatasi. Ukimya wa daftari, kwa maoni yangu, ni ushahidi juu ya serikali zaidi kuliko juu ya mpishi.

Mauaji yanayoiandama Beni tangu Oktoba 2014 yameifanya njia iliyozaa sahani hii kuwa njia ya hofu, na gari lisilofika lina maana ya sufuria isiyobandikwa. Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa Ebola, iliyoua watu zaidi ya 2,200 hadi ilipokwisha Juni 2020. Ndoo za bomba zenye maji ya klorini ziliwekwa milangoni kila mahali. Katika malewa mkono tayari ulikuwa na mazoea: bugali huliwa kwa vidole, na maji ya kunawa hutangulia sahani.