Wino na Nadhiri: Tatuu Takatifu katika Ubuddha wa Thailand

Kanuni za kale za watawa wa Theravada, tawi la Ubuddha linalofuatwa Thailand, zinamzuia mkosaji aliyepigwa chapa kwa adhabu asiingie utawani. Kinacholengwa hapo ni uhalifu wake. Ngozi ni ushahidi tu, kwa hiyo kanuni hiyo haikatazi tatuu zenyewe. Hoja nzito zaidi dhidi ya tatuu takatifu imo katika Brahmajala Sutta, hotuba ya Buddha inayotaja hirizi na ramli miongoni mwa kazi duni ambazo mtawa hapaswi kujipatia riziki kwazo. Kwa hiyo wapo wasomi wanaoiona sak yant, tatuu ya talasimu ya Thailand na Kambodia, kuwa ni uchawi uliovishwa joho la dini. Sikubaliani nao.

Katika hekalu la Wat Bang Phra, mkoani Nakhon Pathom, magharibi ya Bangkok, watawa huchanja kwa ufito mrefu wa chuma. Maneno ni ya Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, herufi ni za Khom zenye asili ya Kikhmer, na mengi humsifu Buddha. Kusoma maneno ya Kipali kwa ajili ya kinga ni ibada ya siku nyingi katika Ubuddha; hapa kisomo kimehamia mwilini. Lakini kiini cha jambo ni miiko anayopewa aliyechanjwa: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asilewe. Walimu wengi huongeza kwamba asiwatukane wazazi. Akivunja miiko, nguvu ya tatuu hufifia. Wanaochanjwa ni pamoja na askari, mabondia na vijana wa mitaani, watu ambao baadhi yao hawangeketi kusikiliza mahubiri hata kwa saa moja. Hamu ya kinga ndiyo inayowafikisha kwenye kanuni tano za Buddha, na sioni sababu ya kuidharau njia hiyo.

Ni kweli, wapo wanaobaki na wino huku miiko wameitupa. Ni kweli pia kwamba kwenye mkusanyiko wa kila mwaka wa kuwaenzi walimu, hapo hapo Wat Bang Phra, baadhi ya watu hupandwa na mizuka na kunguruma kama chui-milia, na hali hiyo ni vigumu kuioanisha na utulivu wa kutafakari. Hata hivyo waumini huja siku hiyo kuihuisha nguvu ya tatuu zao, na kuihuisha maana yake ni kurudi kwa mwalimu na kwa masharti yake.

Buddha alifundisha kwamba uzito wa tendo umo katika nia, cetana. Kwa kipimo hicho, Sri Lanka ilikosea mwaka 2014 ilipomfukuza mtalii wa Uingereza kwa sababu mkononi alikuwa na tatuu ya Buddha aliyeketi juu ya yungiyungi. Hofu ya kumdhalilisha Buddha ina mizizi ya kweli: katika nchi hizi za Kibuddha kichwa ni kitukufu na miguu ni duni, ndiyo maana sak yant huwekwa juu ya kiuno. Lakini mkono si mguu, na mwenyewe alieleza kuwa anauheshimu Ubuddha. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Sri Lanka iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia. Hukumu hiyo ni ya kisheria, lakini iko karibu zaidi na fundisho la cetana kuliko amri iliyomfukuza.